Siri za Mwali Dukani kwa Fundi

Dada zangu, mama zangu, nawasalimu nyote. Mwenyekiti kaniambia nisimame niseme yaliyonikuta, nimesimama. Kaniambia pia nikianza kulia nisione haya, mtaningoja. Msiningoje. Jambo hili sijalilia tangu lilipotokea. Wapo wanaoumia wakapiga kelele, mimi niliumia nikafa ganzi, na ganzi nyingine ninayo mpaka leo. Kwa hiyo mkinisikia naongea kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji, msidhani sijali. Ndivyo nilivyobaki.

Sitataja jina la mtu wala la duka. Wahusika wengine wako humu ndani, wengine ni ndugu wa waliomo humu.

Wengi mnanijua kwa kazi, mimi ndiye mama wa kamera wa Rahaleo. Napiga video za harusi, ila hasa zile shughuli za ndani, ambako mwanamume hakanyagi: singo ya kumsugua bibi harusi manukato, kumfunda, kumcheza mwali. Sina ufundi mkubwa, nisiwadanganye. Wapiga video wazuri Mtwara hii wapo, lakini ni wanaume, nao hawapiti mlango ule. Mimi nilipita kwa sababu ni mwanamke na mdomo wangu mzito. Ndiyo sifa iliyonilisha mimi na mama yangu.

Ninyi wa kazi ya shughuli mnajua mlango ule unavyolindwa. Anakaa mama mmoja na kapu. Kila anayeingia anatoa simu yake, inaingia kapuni, kapu linafunikwa kanga. Hata mama mzazi wa bibi harusi anatoa. Hata kungwi. Nimewahi kumwona mke wa mkubwa mmoja anabishana pale mlangoni mpaka jasho linamtoka, akatoa. Simu zote zinabaki nje, inaingia kamera moja tu, yangu. Kwa hiyo watu wakiwa ndani wanajiachia. Wanavua baibui, wanafungua nywele, wanacheza wanavyotaka, kwa kuwa anayepiga ni mimi na wananiamini.

Sasa nawaambia kosa letu, na ni letu sote. Tulikesha tukiulinda mlango dhidi ya simu za watu, halafu shughuli ikiisha, kila kitu kilichofanyika mle ndani kinatoka mlango uleule kikiwa kwenye begi langu. Hakuna aliyewahi kuniuliza begi lile linakwenda kulala wapi. Na mimi sikujiuliza.

Bibi harusi wa jambo hili alikuwa binti wa Shangani, hapahapa mjini, mtulivu, mwenye aibu yake. Anaolewa na kijana anayefanya kazi kwenye meli. Kungwi wake ni mama mmoja ambaye asili yao ni ng'ambo ya Ruvuma, mama mkali, akimfunda mtu anafundika. Siku ile yule binti alicheza. Mwanzo alikuwa anajificha uso, mama yule akamtuliza, baadaye akacheza mpaka shangazi zake wakasimama. Kanga moja kifuani, nywele ziko wazi. Mimi niko na kamera, na kuna mahali nilimwambia, "Mwanangu, geuka huku, mwanga uko huku." Akageuka, akacheka, akaendelea.

Nilipokwenda kutengeneza ile video, kipande kile nilikikata. Familia walitaka nyimbo, zawadi na vigelegele tu, na binti mwenyewe aliniomba. Nikawapa video safi. Lakini ile ya mwanzo, yenye kila kitu, ilibaki kwenye kompyuta yangu. Wapiga video wote tunafanya hivyo, maana mteja atarudi baada ya mwaka akwambie flashi imepotea, mtengenezee nyingine. Usipokuwa nayo anakuona tapeli.

Baada ya hapo kompyuta ikagoma kuchaji. Unachomeka waya, taa inawaka inazima. Nikaipeleka kwa fundi mjini, duka ambalo nusu yenu humu mmewahi kupeleka kitu. Fundi akaiangalia, akasema kitundu cha chaji kimelegea, kifaa kinaagizwa Dar, niiache. Akaniuliza pasiwedi. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Mama, nikishaibadilisha si nitataka kujaribu kama inawaka?" Nikaona ni kweli. Akachana kipande cha ile tepu ya karatasi, akakibandika juu ya mfuniko, akaandika kwa kalamu nzito jina langu, namba yangu na pasiwedi yangu. Akaiweka kwenye kabati la kioo pamoja na za wenzangu, zote zina tepu, zote zimeandikwa, unaweza kuzisoma ukiwa umesimama barabarani.

Hamcheki kwa sababu hata zenu zimewahi kukaa kwenye kabati lile.

Nilipita siku moja kuulizia. Nikaikuta kompyuta yangu iko mezani inapiga muziki, na mbele yake amekaa kijana ambaye si fundi, ni wale wanaoshinda pale wakiwawekea watu nyimbo na filamu kwenye simu. Akanisalimia vizuri tu, "Shikamoo mama, yako imeshapona, tunaipima." Nikajibu marahaba. Nikachukua kompyuta yangu nikaenda zangu. Nyumbani nikabandua tepu, nikaikunja, nikaitupa.

Miezi ikapita. Binti aliolewa, mume akakaa naye kidogo, akarudi melini. Siku hiyo mimi niko sokoni nachagua samaki. Nyuma yangu wamekaa vijana kwenye pikipiki, wanne watano, wameinamia simu moja. Nikasikia sauti inasema, "Mwanangu, geuka huku, mwanga uko huku."

Ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

Mnajua nilifanya nini? Niliendelea kuchagua samaki. Nilimwambia muuzaji anitolee magamba. Nililipa, nikasubiri chenji, nikaenda nyumbani, nikapika, nikampakulia mama. Mama akaniuliza mbona chumvi haimo, nikamwambia nimesahau. Sikuhisi kitu. Nilikuwa najitazama mwenyewe kama mtu wa jirani.

Simu zikaanza jioni hiyohiyo. Hakuna aliyeuliza imetokaje, wote walijua. Kipande kile hakikuwamo kwenye video niliyoipa familia, kwa hiyo hakikutoka kwao. Kimetoka kwangu, na sauti yangu imo. Shangazi mmoja wa yule binti alinipigia akaniuliza swali moja tu, "Umewauzia nani?" Nikasema sijauza. Akakata. Baada yake wakapiga wengine, wale niliowapiga video kabla na baada, kila mmoja anataka kujua yake iko wapi. Ningewajibu nini? Sikuwa najua.

Mume wa yule binti aliiona akiwa kazini. Aliletewa na wenzake, wakimpongeza kwa kejeli. Hakumpigia mkewe. Alimpigia baba mkwe, akamwambia, "Mchukueni binti yenu kwanza." Si talaka, wala si ndoa. Binti akarudi kwao Shangani, akajifungia chumbani.

Mimi kamera niliifungia kabatini. Msimu wa korosho ulikuwa umeingia, mama ana mikorosho yake kule upande wa Naliendele, nikamwambia nitakwenda kuokota. Nilikuwa naondoka asubuhi, naokota, natenganisha korosho na bibo, natia kwenye ndoo, najaza gunia. Mikono inanuka mabibo, nzi wananizunguka, siwafukuzi. Jirani wa shamba akinisalimia naitika, akinisimulia jambo nasema eeh. Mama alikuwa ananitazama sana siku zile. Aliogopa. Aliniambia baadaye kwamba kisu cha kubangulia alikuwa anakificha. Mimi hata hilo la kujidhuru sikuliwaza, ndugu zangu, maana kutaka kufa nako kunataka nguvu, na mimi sikuwa nayo.

Sasa yule kungwi. Nilidhani akija atakuja kunipiga. Alikuja, akanikuta uani nimekaa na ndoo. Hakukaa. Akasema, "Wewe unaokota korosho, mimi nimekaa nyumbani siitwi. Shughuli zangu wamempa nntu mwingine. Wanasema mwali wa yule kaonekana na wanaume sokoni." Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Sijaja kusamehe. Vaa, tunakwenda kwa mtoto. Na hilo likompyuta lako uje nalo."

Nikamwambia siwezi. Akasema hajaniuliza kama naweza.

Tukaenda. Mama mzazi wa binti alitufungulia bila kutukaribisha. Binti alikuwa amekaa kitandani, amekonda, amejifunika ushungi ndani ya chumba chake mwenyewe, mlango umefungwa, hakuna mwanamume nyumba nzima. Niliona ule ushungi, nikajua nimefanya nini. Au tuseme nilijua kwa akili, moyo ulikuwa bado hauko.

Akaniuliza, "Mama, uliuza?"

Nikasema, "Sikuuza, mwanangu."

"Ulimpa mtu akaangalie?"

"Sikumpa."

"Sasa imetokaje?"

Nikasema sijui. Ndivyo nilivyomjibu, na ndivyo ilivyokuwa. Mpaka saa ile nilikuwa sijaunganisha jambo lile na duka la fundi. Akili ilikuwa imelala. Kungwi akasema, "Mpe hiyo kompyuta." Nikampa. Nilidhani ataivunja, na ningemwacha. Hakuivunja. Akaigeuzageuza mkononi, akaipindua chini juu, akapitisha kidole. Akaniuliza, "Skrubu za huku ziko wapi?"

Nikatazama. Kona moja hakuna skrubu, ya pili hakuna, ya katikati imewekwa isiyo yake, kichwa kimeliwa. Mimi nimekaa na kompyuta ile miezi sijawahi kuitazama tumbo. Binti akasema, "Hii imefunguliwa na mtu mwenye haraka." Halafu akaniuliza ilikuwa kwa nani. Nikaanza kusimulia, kifaa cha Dar, tepu, kabati la kioo, yule kijana na muziki wake. Nilipofika kwenye tepu kungwi alishika kichwa. Binti alikuwa ananisikiliza ameacha mdomo wazi, kisha akavua ule ushungi, akaukunja, akauweka pembeni. Akasema, "Basi twendeni polisi. Mimi mwenyewe nitasema."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Sikugeuza mimi. Aliyekuwa na sababu ya kujificha kuliko sote ndiye aliyesimama kwanza.

Kabla ya polisi tulipita kwa mwalimu mmoja wa kompyuta, mwanamke, harusi yake niliipiga mimi. Alikuwa na haki ya kunifukuza, maana na yake ilikuwamo mle. Hakunifukuza. Akaifungua ile kompyuta, akatuonyesha diski, kidude chembamba hakizidi kiganja, akasema kila kitu chako kimo humu, wakikitoa wakakichomeka kwenye mashine yao wanasoma chote. Nikamwambia lakini nilikuwa na pasiwedi. Akasema, "Dada, pasiwedi yako ilikuwa kufuli la mlango wa mbele, na nyumba haina ukuta wa nyuma. Na kufuli lenyewe uliwaandikia." Hakusema kwa dharau. Alisema taratibu, akatupa chai.

Kesi iko mbele ya wanaohusika, nimekatazwa kuisema sana. Niseme tu kwamba polisi walipokwenda dukani, yule kijana wa muziki walimkuta na mashine yake, na ndani yake hakikuwamo changu tu. Kulikuwa na picha za watu, vyeti vya watu, mitihani ya shule, majibu ya hospitali. Kila tepu iliyopita kwenye kabati lile ilikuwa na kijisanduku chake mle ndani. Fundi mwenyewe analia hajui kitu. Labda hajui. Lakini yeye ndiye aliyekuwa anaandika tepu.

Mume aliposikia imetokaje, alitaka mkewe arudi. Wazee wakaja naye Shangani, wakazungumza vizuri. Binti akawaambia wazee, akiwa nyuma ya pazia, "Nitarudi. Lakini na yeye anayo kwenye simu yake, amesema aliiweka iwe ushahidi. Aifute mbele ya baba yangu kwanza." Kijana akatoa simu, akafuta, baba mkwe akiangalia pembeni kwa aibu. Ndipo akarudi.

Dada zangu, sitaki mtoke hapa mkidhani kimeisha. Kile kipande kipo. Kuna mtu anacho sasa hivi kwenye simu yake, Mtwara au Lindi au sijui wapi, na hakuna polisi wa kukirudisha. Yule binti akipita mahali wanaume wakacheka, hajui wanacheka nini. Atakaa na hilo, na mimi nitakaa nalo. Huo ndio msiba wa kitu hiki, hauzikwi.

Nilichofanya mimi ni kujifunza kazi upya. Yule mwalimu alinifungia diski yote, siyo mlango tu, kiasi kwamba hata ikichomolewa ikapelekwa kwenye mashine nyingine haisomeki mpaka kwa nenosiri. Na ndani yake kila shughuli ina nenosiri lake, analiweka bibi harusi mwenyewe, mimi silijui. Nikitaka kutengeneza video nakwenda kwao na mashine, nakaa naye chumbani, anafungua, nakata anachotaka kikatwe, na cha mwanzo anakifuta kwa kidole chake au anabaki nacho yeye. Inachosha, na wateja wengine wananiona ninaringa. Mashine ikiharibika, natoa diski kwanza ndipo naipeleka, na fundi akitaka pasiwedi namwambia itawaka tu bila hiyo. Nakaa hapohapo dukani mpaka amalize.

Na skrubu nimezipaka rangi ya kucha. Chekeni, mimi mwenyewe nilicheka, na nilikuwa sijacheka muda. Mwalimu ndiye aliyenifundisha. Ile rangi yenye vimetameta, unapaka tone juu ya kila skrubu, ikikauka unaipiga picha. Vile vimetameta havikai mara mbili namna moja. Mtu akifungua lazima aibandue, na hata akipaka nyingine haitafanana na picha yako. Sasa kila ninapoiacha kompyuta mahali, nikirudi naipindua kwanza. Mama anasema nimekuwa kama anayemkagua mtoto chawa.

Namshukuru mama yangu, aliyenipakulia chakula nisichokula akanipakulia tena kesho yake. Namshukuru yule mwalimu. Namshukuru kungwi, ambaye mpaka leo hajasema amenisamehe, ila kila anapoitwa anasema nije na kamera. Nawashukuru ninyi mlioanza kuniita tena, na mlioacha kuniita siwalaumu.

Funzo langu ni dogo. Kitu cha mtu ukishakipokea, usiulize tu nani anaingia kwako. Uliza kitu kile kinalala wapi, kinapita mikononi mwa nani, na kikiharibika kinakwenda kwa nani. Na mnapotuita sisi wa kamera, tuulizeni maneno hayo mbele ya watu. Mkiona tunakasirika, msituruhusu tuingie.

La mwisho, nikae. Juzi simu ililia, nikaona ni namba ya yule binti. Sikuwa nimezungumza naye tangu arudi kwa mumewe. Mdogo wake anaolewa. Akaniambia, "Mama, tunataka uje upige. Mashine italala kwangu, pasiwedi nitaweka mimi." Nikasema sawa. Nilidhani amemaliza, nikataka kukata. Akasema, "Ngoja. Mdogo wangu anaogopa, amekataa kucheza kwa sababu ya yale yangu. Kwa hiyo nitaanza mimi kucheza, halafu yeye. Na mimi nataka unipige."

Nikamwambia haya, mwanangu. Shughuli ni Jumamosi hii. Niombeeni.